Ng'ombe wa Ignasi na Mizania ya Jengo

Mlio wa funguo ndio uliomkaa Hermani kichwani miaka yote ile. Haukuwa wimbo wala sauti ya mtu. Zilikuwa funguo tu, nyingi, kwenye pete moja ya chuma, zikigongana kiunoni mwa mdogo wake Ignasi kila alipopiga hatua. Alizisikia mara ya kwanza uani kwa mama yao, kijijini Gehandu, siku ya Krismasi, Ignasi akipita katikati ya wageni polepole kuliko ilivyohitajika. Mama aliuliza ni funguo za nini zote hizo. Ignasi akasema ni za jengo la ofisi la Katesh, kwamba yeye ndiye aliyepewa kulisimamia. Mama akazishika, akazipima mkononi kama mtu anayepima uzito wa kuku, akasema mwanawe ana milango mingi. Hermani alikuwa pembeni, magoti chini, anachuna mbuzi. Mbuzi alikuwa wake, kamtoa kwa ajili ya sikukuu ile, na hakuna aliyesema neno juu ya mbuzi.

Tangu hapo akikamua asubuhi, maziwa yakilia ndani ya kibuyu, alisikia funguo. Akipalilia mbaazi, alisikia funguo.

Hermani hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Nambis, upande wa Mbulu, kwenye vilima ambako shamba la mtu linaisha kabla hujamaliza kulisifu. Baba yao, Bura, aliona wanawe watagawana mawe, akateremka nao hadi Gehandu akiwa na ng'ombe watatu na jiwe la kusagia. Hermani ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa hiyo ndiye aliyevunja ardhi mpya pamoja na baba. Alisoma hadi darasa la saba, akarudi kwenye plau. Ignasi alipofaulu kwenda sekondari, liliuzwa dume la ng'ombe ambalo Hermani alilichunga tangu likiwa ndama. Hakulalamika. Alimsindikiza mdogo wake hadi barabarani, akambebea sanduku. Lakini dume lile alilikumbuka, na miaka ishirini baadaye alikuwa bado anaweza kukuonyesha lilikuwa likilala wapi.

Wakati wa ushirika, mazao yalipelekwa ghala la Katesh, malipo yakaja yalipopenda kuja. Kisha likaja soko huria. Mbolea ya ruzuku ikaisha, malori ya wafanyabiashara yakaanza kuingia hadi Gehandu na Masakta kununua mahindi na mbaazi uani kwa mkulima, fedha mkononi, mizani ya kwao. Ghala la ushirika likabaki na popo. Ndipo watu wa Katesh, wenye maduka, walimu, na wakulima wachache wenye moyo, wakaanzisha mfuko. Wakalinunua ghala lile, wakalibomoa, wakajenga jengo la ofisi. Mpango wenyewe haukuwa mgumu kuuelewa: kila mtu aliweka fedha, akapewa vipande kwa kadiri ya fedha zake, jengo likawa la wote, ofisi zikapangishwa, kodi iliyobaki baada ya gharama ikagawanywa kwa kila kipande. Wadhamini wakachaguliwa kuutunza mfuko kwa niaba ya wote.

Hermani aliuza maksai wake wanne akanunua vipande sitini, shilingi elfu kumi kila kimoja. Ignasi, ambaye wakati huo alikuwa karani asiye na kazi ya kudumu, alinunua arobaini kwa kukopa hapa na pale. Kwa mara ya kwanza maishani Hermani alimzidi mdogo wake kwa jambo la mjini, akatembea nalo jambo hilo kama mtu mwenye shati jipya.

Ila shamba halilimwi kwa vipande. Misimu mitatu Hermani alikodi maksai wa watu na kulima mwishoni, wengine wakiwa wamekwisha kupanda. Mkoa wa Manyara ulikuwa umetangazwa, watu wakasema sasa ofisi zitakuja kama mvua, lakini Hermani alihitaji plau ifike ardhini. Akaamua kuuza vipande. Ignasi akavinunua vyote kwa elfu kumi na mbili kimoja, fedha taslimu. Hermani akapata maksai wawili na plau, akashukuru. Mwezi uleule Ignasi akapewa kazi ya kusimamia jengo, na funguo.

Lazima isemwe hapa jinsi ng'ombe wanavyokaa kwa watu wa huko, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Humpelekea ndugu ng'ombe mmoja, rafiki wawili, mkwe mmoja. Anayepelekewa hukamua, hutumia samadi, humtunza kama wake. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wa mwenyewe, ingawa mfugaji mwema hupewa ndama siku moja. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mali yote haiteketei. Na haisemwi. Mpita njia akiona zizi limejaa hajui wangapi ni wa mwenye boma, na hakuna mwenye adabu atakayeuliza.

Zizini kwa Hermani walikuwa ng'ombe kumi na wanne. Wake hasa walikuwa watano. Mmoja kati ya wale tisa wengine alikuwa wa Ignasi: jike mwekundu, ubavuni ana baka jeupe, mwenye maziwa mengi na tabia ya kusubiri kuitwa. Ignasi alimweka kwa kaka yake kwa sababu nyumba yake ya Katesh haikuwa na nafasi hata ya mbuzi.

Mwaka wa 2006, baada ya kuuza mbaazi, Hermani alipita kwenye jengo. Hakuwa na shughuli pale. Alipita tu, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Mlangoni ilikuwa imebandikwa karatasi ya mizania ya mfuko, ili wenye vipande wasome kabla ya mkutano wa mwaka. Akasoma. Macho yake yalishuka hadi kwenye mstari uliokolezwa wino: Jumla ya Mali, shilingi milioni mia nne themanini. Juu kabisa iliandikwa kwamba vipande ni elfu ishirini. Akagawa kichwani, akarudia kwa kijiti juu ya vumbi. Elfu ishirini na nne kila kipande.

Mdogo wake alimpa kumi na mbili.

Aliporudi nyumbani hakula. Mkewe, Marieta, alimuuliza kama mbaazi zimekataliwa, naye akasema mbaazi zimekwenda vizuri. Siku zilizofuata akawa mtu wa kuhesabu vitu vya Ignasi. Saa ya Ignasi: nusu yake ni yangu. Pikipiki ya Ignasi: tairi la mbele ni langu. Ignasi alimtumia mama blanketi, na mama akajifunika hadi kanisani, Hermani akaona blanketi lile limefumwa kwa vipande vyake sitini. Hata kitambi cha Ignasi, ambacho zamani alikicheka, sasa alikiona ni akiba iliyofichwa. Wivu ulimpa nguvu ya ajabu. Alilima hadi jioni bila kuchoka, na alipolala alisaga meno.

Mwishowe akamwambia Marieta alichokusudia. Siku ya mnada wa Katesh angemswaga yule jike mwekundu, amuuze, na fedha aziweke. Ignasi akiuliza, angemwambia hiyo ni sehemu ya kwanza ya deni.

Marieta alikuwa anachagua maharage. Hakuinua kichwa. "Baba Letisia, umeshamuuliza mwenyewe?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Haya. Mpeleke." Akatupa maharage mabovu kwa kuku. "Ila ukishamuuza huyo mmoja, kesho yake ujiandae kupokea wageni. Wote waliotuwekea watakuja kumfungua kila mmoja wa kwake, na hawatakuambia kwa nini. Utabaki na watano wako, na kila mtu atajua kwamba walikuwa watano."

Hermani akasema wanawake hawaelewi hesabu. Marieta akasema huenda, lakini kuhesabu hadi tano anaweza.

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Aliyeuza ng'ombe wa kuwekewa hakuwekewa tena, yeye wala watoto wake. Lakini wivu ukiwa tumboni hutafuta njia ya kuitwa haki, na Hermani akaipata. Angepita kwanza kwenye jengo, aombe nakala ya mizania yenye muhuri. Wazee wakimwita, angeiweka mbele yao, na kila aliyesoma angeona mwenyewe nani alianza kumdhulumu mwenzake.

Basi siku ya mnada akaondoka Gehandu giza bado halijaisha, akamtoa yule jike kwa kamba. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu hadi mabegani. Njiani watu wenye mifugo yao walimsalimu, wakamsifu ng'ombe. Mmoja akasema mwenye ng'ombe kama huyu hauzi ila ana shida kubwa. Hermani akajibu kwamba kila mtu ana shida zake, akaongeza mwendo.

Kwenye jengo la ofisi hapakuwa na mahali pa kufunga ng'ombe. Akamfunga kwenye nguzo ya baraza. Mlinzi, Gidabuday, mtu wa Balang'da aliyekulia nyuma ya mifugo, alisimama akamzunguka yule jike mara mbili kabla ya kukumbuka kazi yake.

"Mzee, na huyu naye ana miadi?"

"Ananisubiri mimi."

"Ofisi ya mifugo ni jengo lile pale. Hapa wanaingia wenye viatu." Kisha akapapasa pembe. "Lakini mwache. Nitamwandika kwamba ni mgeni wa mkaguzi."

Hermani akaingia. Mhasibu wa mfuko alikuwa Hadiya, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, mwenye ushungi wa buluu na meza iliyojaa mafaili. Alisimama akamwamkia, "Shikamoo, mzee," akampa kiti. Hermani akaeleza anachotaka: nakala, na muhuri. Hadiya akasema kuipata si tatizo, akauliza tu kama angependa asomewe, kwa kuwa wengi huja na swali baadaye. Hermani akasema amekwisha kuisoma. Kila kipande ni elfu ishirini na nne.

Hadiya hakucheka. Akavuta kiti akaja upande wake wa meza, akaweka karatasi katikati yao.

"Mzee, hii karatasi ina pande mbili," akasema. "Upande huu unasema kuna nini. Upande huu unasema ni vya nani."

Akaanza kuteremka na kalamu, bila haraka. Upande wa kwanza: jengo lenyewe na kiwanja, fedha benki, kodi ambazo wapangaji hawajalipa. Jumla milioni mia nne themanini, kama mzee alivyosema. Upande wa pili sasa. Benki, milioni mia mbili na thelathini: huo ni mkopo wa kuongeza ghorofa ya juu. Fundi mkuu, ambaye hajamaliziwa malipo. Wapangaji, ambao wametanguliza kodi ya miezi ijayo na kuweka amana; fedha zao zimo ndani lakini bado ni zao. Ukiwatoa hao wote, kinachobaki kwa wenye vipande ni milioni mia moja na tisini. Hicho ndicho cha kugawa kwa elfu ishirini.

Hermani akagawa. Midomo yake ilicheza. Elfu tisa na mia tano.

Akauliza ghorofa ya juu imeleta nini. Hadiya akasema imeleta popo. Wadhamini walikopa wakati mkoa mpya ulipotangazwa, wakidhani ofisi zitasambaa hadi huku. Ofisi zikaenda Babati, makao makuu, na Katesh ikabaki kusikia habari zake. Wanalipa riba ya vyumba vitupu. Na hata jengo hili, sehemu ya thamani yake ilipandishwa na mthamini alipokuja kupima. Alisema lingeuzwa leo lingefika bei hiyo. Lakini hakuna aliyelinunua, na thamani iliyopanda kwenye karatasi hailipi umeme.

Hermani alibaki ameikodolea macho karatasi. Hakuona tena tarakimu. Aliona zizi lake jioni, ng'ombe kumi na wanne wanaingia mmoja mmoja, na mpita njia amesimama barabarani anasema ndani ya moyo wake, yule mzee ni tajiri. Mara ngapi alimwona mpita njia huyo, akamcheka kimoyomoyo? Naye ndivyo alivyosimama mbele ya mlango wa Katesh na kijiti chake. Alihesabu ng'ombe wote zizini na hakuuliza ni wa nani. Hili hakumweleza Hadiya. Mambo ya zizi hayasemwi, hata mtu akiwa na aibu kiasi gani.

Badala yake akauliza: mwaka ule alipouza vipande vyake kwa elfu kumi na mbili, vilikuwa na thamani gani?

Hadiya akatafuta faili la zamani. Wakati ule, akasema, havikufika elfu nane. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi. Bwana Ignasi alikuja akaniomba nimpigie hesabu kabla ya kununua. Nikamwambia kabisa, usitoe zaidi ya elfu nane."

"Akasemaje?"

"Aliikunja karatasi ya hesabu. Kisha akaenda akatoa kumi na mbili."

Hapo ungedhani Hermani alifurahi. Hakufurahi. Alihisi kitu kibaya zaidi ya kuibiwa. Mwizi unaweza kumchukia na ukalala. Lakini Ignasi alijua, akatoa fedha ya juu, akanyamaza miaka mitatu. Kwa hiyo alimhurumia yeye, kaka yake. Hata maksai wawili wale, aliowafunga nira kwa jasho lake, walikuwa msaada. Mtoto aliyembebea sanduku amemzidi kwa elimu, amemzidi kwa funguo, na sasa amemzidi kwa wema, wema wenyewe wa kificho usiorudishika. Afadhali angeniibia, alijisemea Hermani. Afadhali sana.

Akaacha karatasi mezani, muhuri bila kupigwa, akatoka.

Nje Ignasi alikuwa amekwisha kufika. Amechutama kwenye baraza na suruali yake ya ofisini, anamkuna yule jike chini ya shingo, na Gidabuday anamweleza makosa yaliyopo kwenye kwato.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Ignasi akamtuma Gidabuday ndoo ya maji. Walipobaki wawili, Hermani hakusubiri. Alimuuliza kwa nini alinunua vipande kwa bei ile na huku ameshaambiwa havifiki. Ignasi akainama zaidi, mkono ukiendelea kukuna.

"Nani kakwambia?"

"Karatasi imeniambia. Ulinihurumia, siyo?"

Ignasi akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nikuhurumie wewe? Na ng'ombe kumi na wanne zizini?"

Hermani akashika fundo la kamba, akalikaza.

"Nitakwambia ukweli, kaka, halafu unicheke ukitaka. Kwenye mikutano ya mfuko wanaita majina kuanzia mwenye vipande vingi. Wewe wa Gehandu, hukuwa ukija hata, uliitwa kabla yangu. Mimi niliyekuwa sikosi mkutano niliitwa nyuma. Nyumbani wa kwanza ni wewe, kwa baba ulikuwa wewe, watu wakipita barabarani wanasimama kuangalia zizi lako. Mimi sina hata mahali pa kumlaza huyu mmoja." Akampiga jike ubavuni polepole, palepale penye baka. "Hadiya aliponiambia elfu nane, nikajua utakataa, utasema utatafuta mnunuzi mwingine, na vitabaki vyako. Nikatoa kumi na mbili ili usikatae. Nilitaka nikuzidi, hata mara moja tu. Hasara yake naila mpaka leo."

Upepo ulikuja kutoka mlimani ukageuza vumbi la barabara. Mifugo ya watu ilikuwa inapita kuelekea mnadani, na yule jike mwekundu akaitazama, akavuta kamba kidogo, akaacha. Hermani alitafuta wivu wake pale ulipokuwa ukikaa, akaukuta bado upo, lakini umechanganyikiwa, haujui umshike nani. Walikuwa watu wazima wawili, wameoneana wivu miaka yote, huyu wa milango isiyo yake, huyu wa ng'ombe wasio wake.

Alitamani amwambie habari ya wale watano. Mdomo ukafunguka, adabu ya zizi ikaufunga.

Ignasi alisimama, akakung'uta magoti. Sasa ndipo lilipomjia swali lililopaswa kuwa la kwanza. "Lakini huyu mbona umemtembeza mpaka mjini? Anaumwa?"

Ofisi ya mifugo ilikuwa hapohapo ng'ambo ya barabara. Ingetosha kusema anaumwa kwato. Ingetosha kusema amekuja kuogeshwa ili kupe watoke, na Ignasi angeshukuru, angelipia dawa. Gidabuday alikuwa anarudi na ndoo, maji yakimwagika.

Hermani akamsogelea mdogo wake hadi mabega yakagusana, akitazama chini, kwenye kamba, na sauti yake haikumfikia hata ng'ombe.

"Nilikuwa nampeleka mnadani," akasema. "Nilitaka kumuuza."